Feri ya kitambaa: shajara ya mradi wa kuchora na kuigiza, Mombasa

14 Juni 2025: wazo

Kazi inayonipa kula ni hina na piko (ile rangi nyeusi ya kuchora maua mwilini) za maharusi. Pembeni nachora kwa mkaa, na miaka mitatu sasa nachora kitu kimoja tu, watu wa feri ya Likoni, wale wa kuvuka kwa miguu, mama wa mihogo, vijana wa mkokoteni, wanafunzi waliolala wima. Madaftari sita yamejaa na yote yako chini ya kitanda, hakuna anayeyaona isipokua mende.

Sasa wiki iliyopita, msimu huu wa harusi za baada ya Idd, nilikua nampaka bibi harusi mmoja piko, shangazi zake wamenizunguka wapiga soga, nikaona kitu ambacho kumbe kimekua mbele ya macho yangu miaka yote: mkono wangu ukienda wananyamaza, ukisimama wanaendelea na stori zao. Ua likishakamilika hakuna anayeliangalia tena, wote wahamia mkono wa pili. Yaani hawaangalii mchoro, waangalia mchoro ukitokea. Nikarudi nyumbani na hilo kichwani nikasema basi, watu wangu wa feri nao watokee mbele za watu, na waigizaji wawape sauti.

Mpango uko hivi. Kitambaa kirefu cha amerikani kimechorwa safari nzima ya feri, kimeviringishwa kwa mabomba mawili ndani ya kisanduku chenye dirisha, taa iko nyuma, mtu azungusha mkono wa pembeni na picha inapita. Waigizaji wako nje, mbele na kando. Sijavumbua chochote hapo. Wajapani miaka ya 1930 walikua na kamishibai, bwana yuaja na baiskeli, kisanduku cha mbao kimefungwa nyuma, abadilisha picha za karatasi huku asimulia na kuwauzia watoto peremende. Na huko Marekani miaka ya 1840 kuna John Banvard, huyo aliviringisha mchoro wa Mto Mississippi akautangaza kua una urefu wa maili 3. Mimi naanza na mita 18, nisije nikatangaza uongo.

Wa kuigiza nimewapata, vijana wanne wa Kisauni ambao huzunguka mashuleni wakiigiza vitabu vya mtihani. Wana sauti za kufika ukuta wa mwisho wa holi. Makubaliano: nauli shilingi 200 kila mmoja kila siku ya mazoezi, na mahamri. Shoo tukipitisha kapu, kilichomo ni chao.

21 Juni: kisanduku

Amerikani nimenunua Biashara Street, mita 18 kwa 130 kwa mita. IFUE KWANZA. Ina wanga mwingi, rangi haiingii, alafu hurudi, zangu 18 zilitoka kwa kamba zimebaki kama 17. Nimekata kimo cha sentimita 70.

Fundi seremala kanifanyia kisanduku cha plaiwudi, upana sentimita 120, kimo 80, kina 40, dirisha la 90 kwa 60. Mabomba ni paipu za PVC za inchi 3, zimesimama wima kila upande. Mikono ya kuzungushia nimechukua kwa fundi baiskeli, ni zile shikio za pedali za baiskeli kuukuu, mbili kwa 400, na hizo ndo kitu pekee katika huu mradi kilichofanya kazi tangu siku ya kwanza bila kunipa presha.

Vilivyogoma:

Kitambaa kinateremka. Ukizungusha mara kumi tayari kimeshuka sentimita mbili tatu, mwisho kinajikunja chini kama soksi isiyo na lastiki. Nilidhani ni paipu kuteleza nikazifunga kwa tepu, wapi. Dawa ni mbili kwa pamoja: visahani vya plaiwudi vya duara, kipenyo sentimita 20, juu na chini ya kila paipu ili kitambaa kisipate pa kwenda, na utepe mgumu umeshonwa ukingo wa juu wote. Fundi cherehani na utepe, 450 (hiyo ni pamoja na mishono ya baadaye, nitaieleza). Banvard naye alisumbuka na kitambaa kulegea mpaka akabuni reli yake ya kukishika kwa juu, kwa hivo nikajisikia niko kwa watu wa maana.

Mikono inalia. Kwiii, kwiii, kila duara. Nikapaka mafuta ya nazi kwa vile ndo yalikua karibu. Asubuhi nafungua, chungu wamefanya mji mle ndani, wamepanda mpaka kwa kitambaa. Nenda kwa fundi baiskeli huyohuyo akupakie grisi, hata hakunilipisha, alicheka tu.

Na jambo ambalo sio la ufundi. Kisanduku kikiwa kitupu, plaiwudi tupu, kimefunikwa, chafanana na jeneza. Fundi mwenyewe alisema. Nikapuuza.

29 Juni: piko limenitia hasara

Huu ujinga nautolea maelezo kamili kwa sababu najua kuna mwenzangu wa hina atafikiria hivohivo.

Nilijiambia mkono wangu umezoea koni ya hina, piko ni jeusi tii, likikauka halipitishi mwanga, taa ikiwa nyuma mstari utakua mweusi kama kivuli. Na ni kweli! Usiku nane nimechora, mita 13 zimejaa, foleni nzima, lile banda la kusubiria, uso wa kila mtu, kilemba, ndoo ya samaki, mpaka vifungo vya shati. Nikawasha taa nikalia kidogo, sitaki kudanganya, ilikua nzuri.

Alafu nikazungusha.

Piko likikauka juu ya kitambaa ni kama udongo wa ukuta mkavu. Kwa ngozi halina shida, tunalibandua wenyewe. Kwa kitambaa kinachojikunja kwa paipu ya inchi 3 linapasuka na kumwagika. Mzunguko wa kwanza nikasikia kama mchele waanguka. Nikatazama chini ya kisanduku, kuna masizi, na watu wangu wote wamebaki na alama ya hudhurungi hafifu, wengine hawana pua.

Nikajaribu kuchanganya piko na gundi ya mbao. Halikumwagika, ila kitambaa kikawa kikavu chagonga kama manda ya sambusa iliyosahaulika juani. Nikajaribu wino wa kawaida, ukasambaa kwenye nyuzi, kila mstari umeota ndevu.

Kilichofaa ni rangi ya vijana wanaoprinti fulana. Nyeusi, nzito, shilingi 900 kopo dogo, unaipaka kwa brashi au unaitia kwa koni ya hina kama mimi, ikikauka unapiga pasi ya moto kwa nyuma na haitoki tena, viringisha utakavyo. Koni ikate tundu dogo sana. Piko lililopotea ni la kama 600, na usiku nane.

6 Julai: mazoezi ya kwanza, na aibu

Kitambaa cha piko sikukitupa, nilikua bado sijanunua kingine, tukafanya nacho mazoezi hivohivo kikiwa na mapengo.

Nikazungusha, wale vijana wakaanza. Na ilikua mbovu, mbovu ile ya kuona haya. Picha yaonyesha mama abeba mihogo, mmoja wao, msichana, asema "ona, mama abeba mihogo". Picha yaonyesha foleni, mwingine, kijana mrefu, asema "watu ni wengi leo". Ikawa kama mtu wa redio atangaza mpira ambao wewe mwenyewe unauona kwa TV. Nikawakemea, wakaongeza sauti, ikazidi kua mbovu. Tukarudia mara tatu. Mahamri yakaisha.

Yule mrefu ndo akasema, kwa adabu kabisa, "Da, samahani lakini, umechora kila kitu. Sisi tufanye nini?"

Nilinuna. Nilienda nje nikakaa kibarazani nikajifanya napiga simu. Kurudi ndani ile picha bado yazunguka, kuna mmoja alikua achezea mkono, na ikafika pale piko lilipoanguka, pale kuna feri na sakafu yake na reli, watu wameondoka wote wamebaki madoa. Na msichana yule, bila kuambiwa, akasimama mbele ya pale patupu, kivuli chake kikaingia kwenye feri, akaanza kugombana na mtu ambaye hayupo kuhusu mguu uliokanyagwa. Tukacheka mpaka jirani akachungulia.

Kwa hivo ndo hivo. Kitambaa cha pili hakitakua na watu.

13 Julai: kitambaa cha pili

Mita 18 zingine, 2,340 zingine. Safari hii nimechora bahari, feri, banda, reli, ngazi, minazi ya ng'ambo, meli kubwa yapita kuelekea bandarini, viatu. Ndio, viatu, kuna sehemu sentimita 90 nzima ni viatu vya foleni tu, mtu yeyote hamna. Waigizaji wanasimama juu yake kwa vivuli na kila siku wanachagua kiatu tofauti na kutoa mtu mpya. Hilo sikulipanga, nilikua tu sijui kujizuia.

Ilinichukua siku tatu badala ya nane. Mchoro mchache ni mgumu zaidi, mkono wataka kujaza, mimi ni mtu wa piko, sisi hatuachi ngozi tupu. Nilikua nabandika karatasi ukutani imeandikwa ACHA.

William Kentridge wa Afrika Kusini, yule anayechora kwa mkaa akafuta akachora tena juu ya karatasi ileile, alama za kufuta huziacha zionekane. Kafanya kazi na watu wa tamthilia na vibaraka miaka mingi. Nilikua nikitazama kazi zake nafikiri siri ni kuchora. Nimerudi kuzitazama wiki hii kwa jicho jingine.

Nimechora mita 13, nne za mwisho nimeziacha nyeupe kwa makusudi: mwisho wa shoo watazamaji waje wachore wenyewe kwa mkaa wa jikoni, mkaa halisi wa kupikia, tunaugonga vipande.

Taa: nilinunua ya LED wati 50, 1,300, pamoja na waya wa kuunganishia 700. Ukiielekeza moja kwa moja kwa kitambaa unapata jua katikati na giza pembeni. Igeuze. Ipige ukuta wa nyuma wa kisanduku uliobandikwa karatasi nyeupe, mwanga urudi wenyewe, unatulia. Dakika mbili, bure, na mimi nilihangaika siku mbili.

26 Julai: kina mama wa vugo, na Mzee wa kahawa

Tulihitaji sauti ya injini ya feri. Mmoja wa vijana alitaka kuicheza kutoka kwa simu, nikakataa, sauti ya simu ni ya simu. Nikaenda kwa shangazi mmoja Mji wa Kale ambaye kwenye harusi hupiga vugo, ile ngoma ya kina mama ya kugonga pembe kwa kijiti, tunajuana kwa kazi, yeye kwa pembe mimi kwa koni. Akaja na wenzake watatu. Nikamweleza, akasema, "Feri? Mimi nimevuka feri miaka arubaini, wanieleza feri?" Wakapiga zile pembe taratibu, chini, kitu cha kwenda na kurudi, na sakafu ikawa yatetemeka kama ile sakafu ya chuma. Honi tumeipata kwa kipande cha paipu kilichobaki, sentimita 60, puliza kwa midomo iliyolegea kama baragumu. Watoto wa mtaa sasa wananifuata wakipiga honi.

Malipo hawakutaka pesa. Nimewapa leso, yaani kanga, pea nne, 600 kila moja, na jina la leso nimelichagua kwa makini ila hapa silisemi.

Sasa haya ndo yaliyotokea jioni. Tulifanyia mazoezi nje, karibu na baraza la wazee wa kahawa, kwa makusudi, nilitaka watu waone waseme. Walicheka panapochekwa. Tulipomaliza, mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, kwa vile nilimuona ataka kusema.

"Marahaba mwanangu. Feri yenu nzuri. Mumecheka, mumeimba. Na Mtongwe je?"

Kimya. Vijana wangu wakatazamana. Mkubwa wao ana miaka 24. Feri ya Mtongwe ilipinduka tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, na hawa walikua hawajazaliwa. Mimi nilikua na miaka minne, ninachokumbuka ni mamangu alivyozima redio, basi.

Njiani kurudi wote wakawa na mawazo. Yule mrefu alitaka tuiigize, feri yainama, watu wapiga mayowe, vivuli vyaanguka, na nakubali ningeweza kuichora, nilishaiona kichwani mpaka mistari yake. Shangazi alikua kimya muda wote. Alafu akasema, "Kilio cha watu hakiigizwi. Wenyewe wako hai, watakua wamekaa mbele yako."

"Sasa tufanyeje bi? Tusiitaje?"

"Nani kasema musiitaje."

Tukabishana siku mbili. Tulichokubaliana: katikati ya safari, mita 2 za kitambaa kitupu. Hakuna kilichochorwa, hakuna maneno, pembe zinanyamaza, msichana asema tu "Mtongwe, 1994" na kitambaa kinapita. Tulipima, ni kama sekunde arubaini kwa mwendo wa polepole.

Mita 2 hizo nimezikata kutoka zile nne za watazamaji nikampa fundi cherehani aziunge katikati. Kuna ubaya mmoja: mshono ni mnene, ukipita kwenye ukingo wa dirisha unagonga, tak. Mara moja ukianza utupu, mara moja ukiisha. Nilitaka kuutoa, fundi akasema aweza kuulaza kwa pasi. Shangazi akasema uwacheni.

9 Agosti: shoo ya kwanza, Likoni

Tulipanga Jumapili tarehe 10 mtu akatukumbusha Kenya yacheza mpira na Morocco, mashindano ya CHAN, tukahamia Jumamosi haraka. Tulianza saa mbili usiku, baada ya Isha.

Kisanduku tumekivusha kwa mkokoteni, 600, juu ya feri hasa, nikafikiria itakua picha nzuri, feri ndani ya feri. Nilikifunika leso mbili kisipate vumbi. Watu wakawa wanatupisha njia kwa namna nisiyoielewa, foleni ya Likoni yenyewe unaijua, hakuna anayempisha mtu. Mpaka mama mmoja akanishika bega akasema "poleni, mwanangu." Urefu wa sentimita 120, umefunikwa leso. Sikujua niseme nini, nikasema tumeshapoa mama. Kesho yake nimekipaka rangi ya manjano kote. Wewe kipake kabla hujavuka nacho.

Uwanja tulioupata uko wazi upande wa bahari. Agosti. Mtu yeyote wa pwani angeniambia, na mimi ni mtu wa pwani. Kusi likaingia kwa dirisha la mbele, kitambaa kikajaa kama tanga, kikatoka kwenye visahani, kisanduku kizima kikaanza kutembea. Wallahi kilitembea. Kijana mmoja akakikalia kwa nyuma shoo nzima, nafasi yake ya kuigiza ikachukuliwa na msichana, akawa anagombana na yeye mwenyewe kwa sauti mbili, watu wakadhani ndo skripti.

Maiki na spika tulizokodi kwa 2,000 zilikua zachukua upepo, hwuuu, hwuuu. Tukazizima dakika ya tano. Pesa ya bure. Hawa ni watu wa maholi ya shule, sijui nilikua nafikiria nini.

Alafu stima, yaani umeme. Tulivuta kwa duka la jirani mwema, na tokeni zake zikaisha tukiwa katikati ya viatu. Giza tii. Nikasikia kapu letu linaisha. Ila yule aliyekua amekalia kisanduku akawasha tochi ya simu akaiingiza ndani kwa nyuma, na kwa vile mkono wake ulikua watikisika, viatu vikaanza kutembea. Vivuli vya reli vyaenda huku, feri yapepesuka. Watoto wote wa mbele wakasimama. Mwezi mmoja na nusu nahangaika na taa itulie, na kilichowasimamisha watu ni taa isiyotulia.

Ule utupu wa mita 2 ulipita kwa tochi, upepo wavuma, hatukusikia hata mshono. Haukufanya kazi, niseme ukweli. Wengine walidhani kitambaa kimeisha wakapiga makofi.

16 Agosti: marekebisho

Mifuko minne ya mchanga ndani ya kisanduku chini. Tochi mbili za simu badala ya taa kubwa kwenye viatu na kwenye dhoruba, taa kubwa kwingine kote, na tokeni nanunua mimi mwenyewe kabla, za 200, namtumia mwenye nyumba kwa M-Pesa. Hakuna spika. Hakuna bahari, twaingia uchochoroni.

23 Agosti: shoo ya pili, Mji wa Kale

Jana yake Kenya imetolewa na Madagascar kwa penalti, mtaa mzima umenuna, nikajua hawatakuja. Walikuja. Nafikiri walitaka kitu kingine cha kuzungumzia.

Tulishamuomba mzee wa mtaa na imamu wa msikiti wa karibu, tukaweka kisanduku kati ya nyumba mbili, kuta zavunja upepo na zarudisha sauti, ukinong'ona wasikika. Watu kama 80, mabarazani, madirishani, kuna bibi mmoja aliangalia shoo nzima kutoka juu na yeye ndo alicheka kwa sauti kuliko wote. Viatu vilikwenda vizuri. Msichana alitoa mtu mpya kabisa, kondakta aliyepanda feri kwa miguu na bado aita abiria, hilo hatukulifanyia mazoezi.

Alafu tak.

"Mtongwe, 1994."

Pembe zikanyamaza. Kitambaa cheupe kikaanza kupita, mwanga mtupu juu ya nyuso za watu wa mbele. Nilikua nimesimama kando na saa ya simu. Sekunde kumi hakuna kitu, mtoto mmoja akauliza "yako wapi picha?" akanyamazishwa. Kisha upande wa baraza mtu akasema inna lillahi, pole pole, na wengine wakamaliza nayo. Mwanamke mmoja nyuma akataja jina. Jina moja tu, la mtu, kama anayemuita aje ale. Na mwengine akataja la kwake.

Yule mrefu ndo alikua kwa mkono, na akaacha kuzungusha. Hatukukubaliana hivo. Nikamtazama, akanitikisia kichwa, alikua awasubiri. Majina kama sita au saba yalitajwa, mengine sikuyasikia. Sijui ilikua dakika ngapi, saa ya simu niliisahau mkononi. Yule mzee wa kahawa alikuwepo, hakutaja mtu, alikua ameshika kikombe hanywi.

Shangazi ndo aliyerudisha pembe, chini kabisa, akabonyea kichwa kwa yule kijana, mkono ukaenda, tak, minazi ya ng'ambo ikatokea.

Mwisho watu wakaja kuchora kwenye mita 2 zilizobaki. Nilidhani watachora Mtongwe, hakuna aliyeichora. Walichora mihogo, meli, jogoo, kijana mmoja kachora bendera ya Kenya na machozi, na bibi wa dirishani akateremka, akaomba mkaa, akachora maua ya leso moja baada ya jingine kwenye ukingo wote mpaka tukamletea kiti.

31 Agosti: hesabu

Kwa wanaotaka kuiga. Amerikani mara mbili 4,680. Kisanduku, plaiwudi na mbao na ufundi, 5,200. Paipu 600 na mikono ya baiskeli 400. Taa na waya 2,000. Rangi ya fulana 900, piko la ujinga 600, cherehani 450. Nauli za waigizaji siku tisa za mazoezi 7,200, na hiyo ndo pesa kubwa kuliko zote na ndo mahali pa mwisho pa kupunguza. Mahamri na chai 2,700. Leso 2,400. Mkokoteni usiku mbili 1,200. Spika 2,000, hiyo usinifuate. Tokeni 200. Jumla 30,530. Kapu za shoo mbili zilitoa 6,850, zote wamegawana vijana. Ile jumla, kwa hesabu yangu, ni malipo ya maharusi tisa, mikono na miguu.

Tatizo lililobaki ni mkaa wa watazamaji. Mzunguko mmoja tu na jogoo ameshajipaka kwenye minazi. Nimepulizia dawa ya nywele ya saluni, imeshika kiasi, kinanuka kama bibi harusi. Na kila shoo itataka mita 2 mpya mwisho, alafu za zamani sitaki kuzikata, kwa hivyo bunda litaendelea kunenepa, na kwa jicho visahani vya sentimita 20 vitatosha shoo nne hivi, tano nikikaza. Fundi kasema atanikatia vya 28 ila kisanduku chataka kuongezwa kina.

Yule bibi wa dirishani ameulizia siku ya shoo ijayo, asema ukingo wa chini hakuumaliza. Jana nimenunua mita 4, ziko kwenye beseni zatoa wanga.